Mume Wangu Amenisahihishia Insha ya Mashairi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana nimeshindwa kumwambia hata dada yangu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka huu nimerudi kwenye masomo ya jioni nimalize sekondari, na mwalimu wa fasihi alitupa insha ya kulinganisha mashairi mawili ya mapenzi yenye matatizo, la kwanza mke anagombana na mumewe mpaka anafungasha na kuondoka, la pili mume hamsemeshi mkewe mwaka mzima na mke anaendelea tu kumpigia pasi mashati, nami nikajaza kurasa tatu kwamba huyu mume wa pili ndiye anayependa kweli, mwalimu akanipa alama nne kwa ishirini na kuandika chini, "Umemtetea mume. Nionyeshe ubeti unaomtetea." Niliutafuta siku mbili, haupo, na hapo nikalia juu ya cherehani, kwa sababu mume wangu naye hajanisemesha tangu mimba yangu ilipoharibika, miezi minane sasa, akiwa na neno anamtuma binti yetu, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Nikaandika upya, nikasema shairi la pili linahusu ukatili. Asubuhi nikakuta daftari wazi mezani, "ukatili" umekatwa kwa kalamu yake, juu yake ameandika "majonzi". Ndilo neno lake la kwanza kwangu. Ijumaa naikabidhi. Nikiliacha nitakuwa nimedanganya, nikilifuta naogopa hataniambia lingine. Nifanyeje?

Fundi wa Nguo

Fundi, pole kwa mimba, maana katika barua nzima umeipa maneno manne tu.

Sasa nikuseme. Binti yenu anabeba maneno kati ya watu wazima wawili wanaolala kitanda kimoja, nawe unaniuliza habari za insha. Mumeo ana majonzi, naamini. Wewe huna? Mimba ilikuwa tumboni mwa nani? Mwenye majonzi akinyamaza wiki mbili tunamwelewa. Akinyamaza miezi minane, huku sauti ya kulalamikia chumvi anayo, huo ni ukatili, hata kama analia moyoni. Rudisha neno lako, uikabidhi.

Akimtuma tena mtoto, mwambie mtoto akacheze. Nenda mwenyewe, simama mbele ya baba yake useme, "Tulifiwa wote wawili." Usiombe msamaha, hukukosa kitu. Akijibu, hata vibaya, kaeni mzungumze. Akinyamaza, mchukue binti mwende kwa dada yako, na huko useme yote. Usimwachie mumeo barua ya maelezo. Atakuwa ameshasikia.