Gundi ya Nati

Jumamosi, Mapera

Nilinyamaza dukani, na bado najilaumu.

Baba alichagua bolti, na gundi nyekundu ya kukazia nati za mashine tuliyojitengenezea ya kumenyea kahawa. "Hiyo ndiyo kiboko, mzee," muuzaji akasema. Mimi nilishasoma Kiingereza cha kwenye chupa: nyekundu ikishaganda, nati haifunguki bila moto; ya bluu hufunguka kwa spana tu. Na mashine tunaifungua kila jioni kuosha utelezi wa kahawa! Lakini nitamkosoaje baba mbele ya watu?

Nilimwambia nje, kwa sauti ndogo. Akarudi ndani.

"Nibadilishie, nipe ya bluu. Na bolti ziwe za stenlesi, hizi zitaliwa na kutu. Binti yangu kasoma maandishi."

Njiani akasema, "Siku nyingine usingoje nilipe kwanza."

Nikaitikia. Sijui kama nitaweza.