GODORO ZIMA: MAELEZO KUHUSU KUZIMWA KWA TANURI LA TAKA

Jina: Bi Harusi, ndivyo ninavyoitwa mtaani tangu mwezi uliopita.
Umri: miaka 23.
Kazi: fundi cherehani.
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda cha umeme wa taka.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilimpelekea mume wangu chai kazini. Yeye huendesha winchi inayochota taka za mji shimoni na kuzimwaga kwenye tanuri. Moto huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, mji hupata umeme, hospitali hupata maji ya moto. Nilitamani kuyaona kwa macho yangu, maana akinisimulia, usingizi huniruka.

Alinikalisha kando yake kwenye kibanda cha vioo. Nikamuuliza mbona anazichota, anaziachia, anazichota tena. Akasema, "Zilizolowa lazima zichanganywe na kavu, mke wangu. Zikiachwa zenyewe haziwaki." Akanishika mkono. Simu yake ya upepo ilibanwa katikati ya viganja vyetu, kitufe cha kuongelea kikabonyea. Sikuijali. Mikono yake ina joto, afande, hata ndani ya glavu.

Makucha ya winchi yakaibuka na godoro, halina hata tundu. Mume wangu akapaza sauti, "Godoro zima!"

Alikuwa ananiambia mimi. Sisi bado tunalalia mkeka.

Sauti ya fundi wa tanuri ikajibu kwenye simu ile, "Nazima!"

"Wewe! Unazima nini?"

"Tanuri, kaka. Tayari!"

Springi za godoro hukwamisha njia ya taka, ndiyo maana fundi hakuuliza mara mbili. Mtambo ukanyamaza, taa zikafa. Hospitali iliwasha jenereta, hakuna aliyedhurika.

Meneja wa kiwanda anadai mume wangu aliuzima mji ili akae na bibi harusi wake. Si kweli. Kukaa naye napenda sana, lakini si gizani mle, na harufu ile!

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nimeyasema kwa hiari yangu. Naomba nirudishiwe mume wangu.

Sahihi ya shahidi: ............

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea, amekubali. Nilimshauri afute habari za joto la mikono, akakataa katakata. Kisha nilimweka konstebo chumba cha pili, karibu na swichi, nikamwambia kwa simu ya upepo, "Godoro zima." Akazima taa. Mume ameachiliwa.