Viatu Vyako Nilivaa Mimi

Mpendwa Dada Amongin,

Bahasha hii sikuitia gundi. Nimeiacha wazi makusudi, na nimeandika kwa Kiswahili badala ya Kiteso chetu, ili kila mkono utakaoibeba kutoka Moding hadi kwa Shangazi huko Tororo uweze kuisoma: karani wa mpakani Malaba, taniboi wa lori, hata yule mama wa samaki ambaye hawezi kuona karatasi bila kuuliza imeandikwa nini. Waisome. Walikucheka hadharani, basi na ukweli waupate hadharani.

Unanijua. Nikiitwa darasani nilijibu huku nikitazama sakafu, na wewe ndiye uliyerudia jibu langu kwa sauti ili Mwalimu asikie. Tangu uondoke nimekaa miezi sita bila kusema neno ambalo lilikuwa langu kulisema. Sasa nimemaliza shule, na wewe hukuimaliza. Siwezi kuendelea kutazama sakafu.

Unakumbuka Mwalimu Robai alipoingia na ramani ya Mlima Elgon? "Mnauona kila asubuhi mkichota maji," alisema. "Nani anataka kuujua?" Mkono wako ulipanda kwanza, kisha ukaunyanyua wangu kwa kiwiko. Pale nyumbani watu walisema wasichana hupanda mlima kutafuta nini, kuni? Lakini wewe ulimwomba Baba mpaka akatoa kabuti lake la vita kutoka sandukuni, akatupeleka Busia kutununulia viatu vya ngozi, jozi mbili zilizofanana kabisa, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshaifikia yako. Akasema, "Hivi ni vya kanisa. Mlimani mnaviazima tu."

Wasomaji wa njiani wanajua jinsi sisi tunavyoishi na viatu. Vinabebwa. Unatoka nyumbani miguu mitupu, umevifunga kamba na kuvitundika shingoni, na ukikaribia kanisa unaosha miguu mtoni ndipo unavivaa. Ndivyo tulivyotembea siku tatu hadi kwenye msitu wa mlima, sisi wawili na Nekesa wa Bumala, nyuma ya Mwalimu. Siku ya kwanza mimi na wewe tulibeba shanta zetu kichwani juu ya kata, kama mitungi, na Nekesa akakaa chini barabarani kwa kucheka.

"Nyinyi watu wa Moding! Hizo kamba mbili mnafikiri ni za kufungia mbuzi?"

Wewe ulimjibu, "Wewe mgongo wako umeshalia mara ngapi tangu asubuhi? Kichwa changu bado kimenyamaza."

Na alipoona chakula chetu, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo Mama alitujazia, aliuliza kama tunakula mbao. Siku ya nne, wali wake ulipokwisha, alikuja kuomba mbao. Ulimhesabia vipande sita kwa sauti, kimoja kimoja, kisha ukampa konzi nzima.

Naandika haya kwa sababu watu wamesahau kwamba tulicheka. Wanausema mlima kama kaburi. Mimi nakumbuka mianzi iliyotugonga usoni, na baridi iliyofanya maneno yetu yatoke kama moshi, na wewe ukijifanya unavuta sigara kama dereva wa lori.

Sasa nifike pangoni.

Mzee wa Kisabaoti aliyetuongoza alituingiza pangoni kabla jua halijazama, tukiwa tumelowa. Tukawasha moto. Alituonya tuweke viatu mbali na makaa, nami nilimsikia vizuri. Lakini miguu yangu ilikuwa inauma kwa baridi, na niliwaza kwamba viatu vikikauka haraka nitavivaa vikiwa na joto. Kila mtu alipogeuka nilivisogeza. Nilivisogeza mimi, Dada. Hakuna panya wala upepo.

Asubuhi nilikuta ngozi imejikunja kama vile viazi vyetu na soli imepasuka katikati. Nilianza kulia kimyakimya, bila kuwaza mlima wala baridi. Nilikuwa namwaza Baba tu na fimbo yake.

Wewe uliviona, ukatazama kama Mwalimu anatuangalia, ukaniambia, "Lete mguu."

"Na wewe?"

"Mimi hii nyayo imechunga ng'ombe miaka minane wakati wewe unabebwa mgongoni. Lete mguu, usinicheleweshe."

Ukanifunga kamba mwenyewe. Viatu vyangu vilivyoungua ukavizungushia leso na kuvizamisha ndani ya shanta yako. Na Mwalimu Robai alipokuona miguu mitupu, ulimwambia bila kupepesa macho, "Ninavitunza, Mwalimu. Ni vya Krismasi."

"Amongin, hapa si njia ya kanisani! Vaa viatu!"

"Nitavaa tukifika kwenye baridi yenyewe."

Akatikisa kichwa, akaamini. Nani asingeamini? Kila mmoja wetu amewahi kutembea juu ya miiba huku viatu vinamning'inia shingoni. Uongo wako ulikuwa na sura ya watu wote wa kwetu.

Baridi yenyewe ilikuja saa tano mchana. Kwanza mvua ya mawe, ambayo tunaijua. Kisha mawe yakawa laini, yakaacha kupiga kelele, na Nekesa akanyoosha kiganja akasema, "Mungu wangu, pamba." Mzee alisema ni theluji, na kwamba hata yeye huiona mara chache. Dakika chache baadaye hatukuona njia, na kurudi kulikuwa kubaya kuliko kuendelea. Mwalimu alipiga kelele uvae viatu. Ulijibu kwamba miguu imevimba, haiingii. Ukachana leso na kujifunga nyayo.

Mimi nilikuwa nyuma yako. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuona. Jiwe lilikukata na mguu ulikuwa umekufa ganzi hata hukusikia, na kila ulipouinua uliacha doa jekundu juu ya kile cheupe. Nilihesabu madoa kumi na moja kabla sijaita, na hata nilipoita, niliita "Dada unaumia," sikuita "Dada, chukua viatu vyako." Miguu yangu ilikuwa na joto. Hilo ndilo ninaloliandika hapa kwa mkono wangu.

Na bado tulifika juu. Hilo pia lisomwe. Wingu lilikuwa limefunika nchi yote, lakini ulinyoosha kidole ukasema, "Kule ni nyumbani. Mama anafagia." Nekesa akasema, "Hapana, kule ni Uganda." Ukamwambia, "Basi Mama amevuka kununua chumvi."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi: kidonda kilichooza, hospitali, vidole viwili. Nilidhani utasema. Baba alisimama kando ya kitanda na kusema kwa uchungu, "Viatu vinakaa ndani ya begi, vidole vinakatwa!" na wewe ukageukia ukuta. Wakakubatiza jina sokoni, Mtunza-Viatu. Ukakosa mtihani, ukaenda kwa Shangazi, na mimi nikafanya mtihani nikiwa nimevaa viatu vyako.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, wazee walikaa kwetu kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake. Mmoja aliona viatu vyangu akasema, "Huyu angalau anavaa. Si kama yule Mtunza-Viatu wa Tororo." Wakacheka, na Baba naye alicheka kidogo, kwa aibu.

Niliingia ndani. Vile vilivyoungua nilikuwa nimevitoa kwenye shanta yako na kuvificha chini ya kitanda. Nilivileta nikaviweka katikati yao, kando ya chungu.

Nikasema, "Hivi ni vyangu. Vilivyo miguuni ni vyake. Hakuwa anatunza kitu chochote ila mimi."

Baba alikichukua kimoja, akakigeuza, akaingiza kidole kwenye ufa wa soli. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utanichapa, Baba."

"Ningekuchapa," alisema. Mrija wake ulikuwa umeanguka chini na hakuuokota. Baadaye alisema, "Mlima huo hakuna mtoto wangu atakayeukanyaga tena."

Dada, sijawahi kumjibu Baba. Nilimjibu. Nilisema mlima haukukata vidole vyako, ni woga wangu uliovikata, na kama kuna kitu cha kukatazwa nyumbani kwetu basi kikatazwe hicho. Nilisema Mwalimu Robai akipeleka wengine nitakwenda, na kwamba wewe pia, ukitaka, utakwenda. Mzee aliyekutania alichukua kiti chake akaondoka. Baba hakunichapa. Hakunipa ruhusa pia. Sikuwa nimeiomba.

Jumamosi ninakuja Tororo kwa miguu. Viatu vyako nimevipaka mafuta, na mbele ya kile cha kulia nimeshona kitambaa mahali pa vidole viwili. Usivitundike shingoni. Utavivaa mlangoni kwa Shangazi, kabla hujakanyaga chini, na tutavuka mpaka Malaba na kukatiza katikati ya lile soko lililokubatiza jina, mchana, wakati limejaa. Mvua imenyesha na matope yamefika kwenye vifundo. Vichafuke.

Mimi nitatembea kando yako miguu mitupu.

Mdogo wako, aliyekuwa na joto miguuni.