Programu Tatu na Cheti Kimoja cha Kodi

Alhamisi, mwisho wa Juni. Sib, pembeni mwa Maskati.

Joto la leo halina adabu. Shuka nilizoanika asubuhi zimekauka kabla sijabana ya mwisho, na mimi nimekauka nazo, ila kwa hasira.

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana, na nyumba hii si ya kutukana.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni muuguzi wa kusomea, mtu wa Voi. Kazi nyumbani ilinipiga chenga, nikaja Maskati kumtunza Bi Zuwena, Mwomani aliyezaliwa Unguja, ambaye kiharusi kimemlaza upande mmoja. Namwosha, namlisha, namkanda, ananitania. Sina ugomvi naye. Au niseme, mpaka leo mchana sikuwa na ugomvi naye.

Wiki iliyopita hospitali ya kaunti yetu iliniita. Kazi ya kudumu, karibu na nyumba ya mama yangu, anakolala binti yangu Imani. Mtoto ananijua zaidi kwa sura ya kwenye simu. Juzi alimwonyesha mwenzake simu akasema, "Huyu ndiye mamangu," na yule mwenzake akauliza mbona ni mdogo hivyo. Nililia jikoni.

Ifikapo Jumatatu niwe nimewatumia vyeti vyote. Ninavyo, isipokuwa kimoja: cheti cha kodi, kinachosema serikali hainidai. Hicho hakipatikani mpaka nijaze ritani, zile taarifa za mapato za kila mwaka, kwa miaka yote niliyokuwa huku, ritani za sufuri, yaani nitangaze rasmi kwamba kwetu sikuchuma chochote. Hata ukosefu siku hizi unataka fomu.

Nilianza na mtandao wa serikali wenyewe. Nywila nimeisahau, nikaomba mpya, nikaambiwa imetumwa kwenye baruapepe yangu. Nikangoja. Haikuja. Nikajiambia ni msongamano wa mwisho wa Juni, Wakenya hatujui kufanya jambo mapema. Ndipo nikaingia kutafuta programu za kujaza kodi, na huko ndiko nilikomalizia subira yangu.

Ya kwanza ni ya bure. Inataka laini ya Kenya, ile uliyojisajilia. Yangu ilikufa zamani kwa kutotumika. Nikaipigia, akapokea mwanamume fulani wa Kitale, akanisikiliza kwa upole, akaniombea heri. Ilikuwa heri ya bure, na mimi nilitaka namba ya uthibitisho.

Ya pili ni maridadi, rangi za kuvutia. Kabla sijaandika hata jina ikaomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yangu na picha zangu zote. Kujaza sufuri, picha za mtoto wangu unazitakia nini? Nikaifuta.

Ya tatu ndiyo wanayoisifia wenzangu wa kanisani. Ina mwanamke anayetabasamu na maneno kwamba utamaliza kabla chai haijapoa. Ikanilipisha kwanza. Nikalipa. Nikachagua Oman, nikajaza kila kisanduku, nikabonyeza kitufe cha mwisho. Ikaniambia namba ya uthibitisho imetumwa kwenye baruapepe iliyoandikishwa, na kwa wema wake ikanionyesha herufi zake za mwanzo.

Kioko.

Mimi siitwi Kioko.

Kioko ni yule wa saiba, kile kibanda cha intaneti karibu na steji ya matatu ya Voi. Tulipomaliza chuo tulihitaji namba ya kodi ili tupate kazi za mazoezi, na darasa zima tulipanga foleni mlangoni kwake. Akikuuliza una baruapepe, ukijikuna kichwa, anasema, "Tuweke yangu, haina shida." Na haikuwa na shida. Tulimshukuru hata. Hivyo ndivyo nusu ya mji wetu ilivyoandikishwa serikalini, kwa anwani ya mtu mmoja mwenye kompyuta mbili na feni mbovu.

Kwa hiyo programu zote tatu, ya bure, ya udaku na ya kulipia, zingenifikisha kwenye mlango uleule, na ufunguo anao Kioko.

Nikamtafuta kupitia mwenzangu wa darasa. Saiba alishafunga, siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, nikampigia nikamkuta matangani Makueni, watu wanaimba nyuma yake. Utamkemeaje mtu aliye matangani? Akaniambia baruapepe ile imejaa barua za watu mpaka haipokei tena, na simu inayoifungua ameiacha Voi. Atarudi kesho, atafuta-futa barua za zamani, namba ipate pa kuingilia.

"Dada, usijali," akasema.

Mimi huwa sijali mpaka niambiwe nisijali.

Nikaenda kumpa Bi Zuwena chakula cha mchana na uso wangu umevimba. Akaniuliza, nikamweleza yote, Kioko na programu na Jumatatu. Habari ya kazi anaijua. Binti yake, Rahma, alishamwambia, na tiketi yangu amekubali kuilipa. Nikategemea pole. Bi Zuwena akatafuna, akameza, akanitazama.

"Mie sikufichi, mwanangu," akasema. "Kila sala nnamuomba Mungu hiyo mashine yako ikukatae. Ukenda wewe, mie ntashikwa na nani?"

Nilichukua sahani nikaenda kuiosha kwa nguvu mpaka ikapata ufa.

Nimekasirika mpaka sasa. Kioko sikumtukana kwa sababu ya msiba, programu haisikii, na huyu ndiye ningeweza kumjibu, lakini ana haki ya kuogopa. Ninajua uzito wa mwili wake kuliko wanawe wanavyoujua. Lakini nina mtoto! Naye anashikwa na nani?

Kesho ni Ijumaa. Huku ni mapumziko, kwetu ofisi ziko wazi, kwa hiyo ni kesho au basi. Nimeshaamua: namba ikiingia, kitu cha kwanza nitaondoa baruapepe ya Kioko niweke yangu, halafu nijaze sufuri zangu.

Lakini kabla ya hapo kuna alfajiri. Bi Zuwena ataniita nimtilie maji ya udhu, kwa kuwa mkono wake wa kushoto haumtii. Nitamwosha mikono, uso na miguu, nitamvisha kanga zake za kusalia, nitamwelekeza kibla. Kisha nitafunga mlango taratibu nimwache, aniombee nikwame.