Mashini Tuliacha Katikati

Baba,

Kisha kukuzika, bandugu balisema kintu moja: pa meza yako pasiguswe mbele ya kumaliza kilio. Unajua bantu ya kwetu. Tabouret yako, kile kiti kidogo, turunevisi yako ya kufungulia misumari ya visi, kikombe yako ya chai yenye kuvunjika mushikio, yote ilibakia mu atelie yetu ya kutengeneza mashini, pale Katuba, vile uliiacha ile asubui ya kuenda hospitali. Na ile mashini mupya, ile ordinateur, kompyuta, tulianzaka kuunga miye na weye kwa secrétariat ya paroisse, ofisi ya kanisa yetu, nayo ilibakia pale pale, mugongo ku ukuta.

Baba mudogo akafika kutoka Kipushi. Unamujua ndugu yako, kinywa yake haichoke. Akasema atelie haiwezi kubakia na mutoto mwanamuke, siku ya kumaliza kilio atapakia bintu yote, auzishe. Mama akasukuma sahani yake pembeni. Tangu uliondoka, Mama anakula kidogo sana, Baba. Miye njo nilijibu: "Niache kwanza nimalize mashini ya paroisse. Kama inawaka, atelie inabakia. Kama haiwake, upakie." Akaitika mbele ya bandugu, nabo bakaongeza: nifungule, lakini nisiisogeze pale iko. Eh, ile hasira yangu, nilitoa kwako.

Nikafungula ubavu wa mashini bila kuisogeza hata kidogo, kwa sababu ya ile sheria ya kilio. Nikapanga yenye ilikuwa inabakia: barrettes za mémoire, vile vipande vya kumbukumbu, disque ya kuhifazi kazi, bintu yote. Nikatia kuran, ule umeme, nikafinya kabouton ka mbele.

Kimya.

Ventilateur, ile feni ya ndani, haikutingisika. Hata ile taa ndogo ya kijani juu ya carte-mère, ile ubao mukubwa ya ndani, haikuwaka. Nikafanya yote ulinifundishaka. Nikatosha barrettes, nikapangusa meno yake na gomme ya masomo, ile ya kufutia maandiko, vile ulikuwa unafanya huku unapiga muluzi. Nikajaribu prise ingine ya ukuta. Nikatosha kila kintu, nikabakiza tu yenye ya lazima. Kimya tu. Nikazani alimentation, ile sanduku ya kuingizia kuran ndani ya mashini, iliungua. Nikakaa chini, nikalia, nikakukasirikia. Ndiyo, weye. Uliniacha katikati ya kazi.

Siku ya kumaliza kilio, kisha misa na chakula ya bukari, Baba mudogo akaleta camionnette, kagari ka mizigo, ku mulango. Akapakia stabilisateur, ile ya kutuliza kuran, akapakia meza ya mulango. Kisha akaniambia niikamate mashini, niipakie miye mwenyewe. Nikaivuta kutoka ku ukuta. Kule nyuma, juu ya alimentation, kabouton kadogo kalikuwa ku sifuri. Kakiwa ku sifuri, kuran haiingie hata tone.

Baba. Ulikazimisha weye. Kila mara ulikuwa unatoka, hata kuenda kununua mukate, mukono yako ilikuwa inapita kule nyuma. "Kuran ya huku haina rafiki, Mireille." Na ile asubui, na maumivu yote ile mu kifua, ulishikilia meza, ukapitisha mukono nyuma, ukazimisha. Nilikuwa ku mulango na viatu yako mu mukono. Nilikuona. Nilizani unatafuta pa kujishikiza.

Nikabakia nakaangalia. Kidole ya mwisho kugusa pale ilikuwa yako, na miye nilikuwa naenda kuifuta. Nisamehe, nilitaka kuacha vile. Nilitaka hata apakie, auzishe, bora tu nisikaguse. Baba mudogo akaniita tena kutoka ku camionnette. Nikatia kuran. Nikakafinya, kisha nikafinya na kale ka mbele.

Ventilateur ikazunguka. Mashini ikalia ile bip yake moja, ile ulikuwa unaijibuka "Karibu!" Baba mudogo akaingia, akasikia, akaikala juu ya tabouret yako na akalia kwa nguvu, yeye mwenye hakulia ku makaburi. Kisha akaenda mwenyewe kushusha meza.

Bantu ya paroisse balikuya kukamata mashini yao. Ile siku Mama alikula, akaomba hata kuongezewa mboga ya sombe. Atelie iko wazi, na turunevisi yako iko mu mufuko yangu sasa navyoandika.

Pumzika, Baba. Usihangaike na kuran. Kila magaribi, mbele ya kufunga mulango, mukono yangu itapita kule nyuma. Miye njo nitazimisha.

Mutoto yako,
Mireille