Mto Ulioonekana Kutoka Juu

Wifi yangu Dulamsuren,

Mbuzi wako wamezaa salama. Maji nayo tumepata. Tungeyakosa, tungehama bonde hili.

Nilipokuwa nikizichunguza picha zilizopigwa kwa ndege, nilizoazimwa na ofisi ya ramani, jirani yetu Dambaa alinicheka: “Shemeji, hiyo ndege imeona maji chini ya mawe?”

“Maji haikuyaona. Imeona mto wa kale ulipopinda. Chimba hapo, kisha ucheke.”

Akachimba, akatoka amelowa mpaka kiunoni.

Picha iliyonionyesha mto huo ilipigwa vuli, kabla hatujamzika kaka yako. Humo hema letu ni kama tone la maziwa. Kwa lenzi nimemwona farasi wake amefungwa nje. Basi mwenyewe alikuwa ndani, anakunywa chai.

Ofisi inazitaka picha hizo. Nitazirudisha zote, isipokuwa hiyo.

Wifi yako akupendaye,
Tsevelmaa