Mafuta Yangu Uliyovaa

Migori, Agosti 1996

Nyieka Phanice,

Nakusalimu kutoka nyumba kubwa. Kuku wametaga, na Mourine amepita mtihani wa bayolojia.

Ndiye aliyenisomea kwamba mwilini mna vijifuko vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni. Ukinenepa vinajaa. Ukikonda havifi, vinanywea tu na kukaa humo humo vikingoja kujazwa tena. Nikasema, kumbe! Vyangu mume wetu Zablon alivijaza kwa samaki, mbuta wa Sindo, kabla hajakuoa. Tangu akuoe vinangoja tu. Ndiyo maana kwenye matanga ya mama mkwe niliitazama mikono yako ilivyojaa, nikasema moyoni: yale ni mafuta yangu. Usinilaumu. Sisi Wajaluo mke mwenza tunamwita nyieka, na wivu tunauita nyiego. Si mimi niliyeyazaa maneno hayo pacha.

Juzi Suleman, yule muuza leso, alirudi kutoka huko kwako. Akaniambia, "Mama Mourine, mwenzako amekwisha! Gauni linamning'inia." Sikufichi, nilifurahi. Niliosha sufuria nikiimba, nikijua Zablon yuko njiani kuja kwangu. Nikapika.

Hakuja. Hapa hajakanyaga tangu Pasaka, na Suleman anasema hata wewe ulimuuliza kama amemwona.

Basi nijibu upesi. Kama mimi nimekonda na wewe umekonda, ni nani anayenenepa?

Mke mwenzako,
Kezia